Valvu Nane za Gari la Baba

Niliondoka nyumbani kwetu Kiganjo, Thika, asubuhi ya Alhamisi. Jumamosi dada yangu Wanjiru alikuwa anaolewa, na Baba alikuwa amewaambia watu wote kwamba atampeleka kanisani kwa gari lake mwenyewe. Gari hilo lilikuwa bandani, injini haina kichwa. Aliyekifungua ni mimi.

Ni motokaa ya Kiingereza, nyeusi, yenye viti vya ngozi. Baba ni karani katika shamba la mkonge, na alilinunua kwa meneja mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Tangu siku hiyo hulihudumia mwenyewe kila Jumapili baada ya ibada. Mimi nilipomaliza chuo Kampala nilirudi nyumbani bila kazi, nikajipa kazi ya kulitunza. Nikasikia injini ikigonga kidogo, tik, tik, tik. Gari lilikuwa linakwenda vizuri. Lakini likizimika njiani, bibi harusi akiwa ndani? Niliwaza hivyo siku tatu. Siku ya nne, Baba akiwa kazini, nikachukua spana.

Kila nilichokitoa nilikiandikia namba kwa chaki. Valvu zilikuwa nane, zimekaa kama uyoga wa chuma, na kila moja huwa imezoeana na tundu lake tu. Niliziweka juu ya gazeti mlangoni, nikaenda kunawa. Mama alikuwa akisafisha nyumba kwa ajili ya wageni. Akaziona zimejaa masizi, akazitia kwenye karai, akazisugua kwa majivu na sabuni, kisha akazipanga kwenye kitambaa kwa ukubwa, kama vijiko. Ziling'aa kweli. Namba hazikuwepo tena.

Baba aliporudi alitazama bandani, akavua kofia, akaivaa tena. "Kuna fundi Ruiru anaitwa Wafula," alisema. "Mwambie umetoka kwangu." Afadhali angenigombeza.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi nilikifunga kichwa cha injini kwenye keria ya baiskeli, ndani ya gunia, na valvu nikazitia mfukoni mwa koti. Kila baada ya muda nilisimama kuzihesabu.

Darajani askari wawili walikuwa wamezuia njia. Mmoja alisoma pasi yangu ya safari, akapiga gunia kwa rungu.

"Hii ni nini?"

"Chuma ya gari, afande."

"Na gari iko wapi?"

"Nyumbani."

Alimwita mwenzake. "Kuja uone. Huyu anapeleka gari Ruiru kidogo kidogo."

Walicheka, wakanipa njia. "Jua lisizame kabla hujarudi," yule wa kwanza aliniambia, na hapo hakuwa akicheka. Siku zile jua likizama hakuna aliyeruhusiwa kuwa njiani.

Nilipofika Kalimoni keria ilipinda, ikaanza kusugua gurudumu. Kuanzia hapo kila mlima niliupanda kwa miguu nikisukuma baiskeli, vumbi la barabara likiniingia kooni. Nilikuwa nimechoka kabla ya kufika nusu ya njia.

Ruiru nilifika yapata saa nne. Wafula ni mtu wa Bungoma, mnene, mwenye sauti ya taratibu. Anatunza mashine za kumenyea kahawa katika shamba moja, na anakaa hapo hapo katika nyumba za wafanyakazi. Nilimweleza yote. Alinisikiliza huku akiugeuza mzigo wangu chini ya dirisha lake.

"Gari ilikuwa inatembea?"

"Ilikuwa inatembea, mzee."

"Sasa ulifungua kwa nini?"

"Nilisikia sauti."

"Injini kama haina sauti imekufa, kijana." Akamwita mkewe. "Mama Nekesa, huyu ndiye wamesomesha mpaka Kampala."

"Mwache ale kwanza," alijibu Mama Nekesa. "Utamcheka akishiba."

Baada ya ugali, Wafula alinionyesha kazi. Kwa kuwa valvu zilikuwa zimechanganyika, kila moja ilibidi isagwe upya katika tundu moja, mpaka vishikane bila nafasi. "Tunaziozesha tena," alisema. "Zikatae zisikatae." Alipaka dawa ya kusagia, akabandika kijiti chenye mpira juu ya valvu, akakipekecha katikati ya viganja kama mtu anayewasha moto. "Sikia inavyolia, kama mchanga. Ikinyamaza, imekubali." Kisha akarudi kwenye mashine zake.

Nilipekecha tangu adhuhuri mpaka saa tisa na nusu. Viganja vilitoka malengelenge, na mwishowe nilisikia mchanga hata nilipokuwa nimesimamisha mikono. Wafula aliporudi, aligeuza kichwa juu chini, akamimina mafuta ya taa katika kila chumba cha valvu, kuona kama yatapita. Valvu moja ilivuja. Niliirudia. Tukamimina tena, na safari hii hakuna hata tone lililopita.

"Labda nizirudie zote," nilisema. "Kwa usalama."

Alininyang'anya kijiti. "Kitu kikishakubali, kiache."

Jua lilikuwa limeshuka sana nilipofika darajani. Askari yule yule aliniuliza, "Gari imepona?"

"Sijui."

"Haki ya Mungu, hata hujui."

Ijumaa Baba aliomba ruhusa kazini. Tulifunga injini pamoja, yeye akikaza, mimi nikimpa spana. Gari liliwaka mara ya tatu. Halafu nikasikia: tik, tik, tik. Mkono wangu ulikwenda kwenye spana bila mimi kuutuma.

"Njoroge," Baba alisema. "Funga boneti."

Jumamosi nilikaa mbele kando yake, Wanjiru na Mama wakakaa nyuma. Tulipokaribia kona iliyo karibu na kwetu, Wanjiru aliondoa shela sikioni asikilize.

"Nilidhani umeitoa," aliniambia.

"Nimetoa nini?"

"Hiyo sauti. Baba akifika hapa jioni, Mama huisikia akaweka chai motoni."

"Ilikuwa nayo siku niliponunua," Baba alisema, bila kugeuka.

Miaka yote hiyo mimi nilikuwa shule ya bweni, kisha Kampala. Katika gari lile, mgeni wa ile sauti nilikuwa peke yangu. Niliendesha baiskeli mpaka Ruiru na kurudi, na jibu lilikuwa jikoni kwa Mama, ila sikuwa nimeuliza.