Kuku wa Asimwe Hajalia

Wewe cheka ukitaka, lakini usiniambie nilimfananisha. Asimwe alikuwa mtoto wa kaka yangu. Nilimwosha mimi, nikamvika shati lake la Krismasi, na udongo niliomtupia kaburini, pale kwenye migomba nyuma ya nyumba yao kule Ndama, niliushika kwa mkono huu. Mtu uliyemzika hivyo utamfananishaje na mwingine?

Na mimi si mtu wa kukimbizwa na vivuli. Ni mwanakwaya, Mlutheri wa kuzaliwa, na watu wa Nyakasimbi watakwambia nina mdomo, lakini uongo sina.

Nianze na huyo kuku. Wifi yangu Adela alihudhuria mafunzo ya malezi kanisani kwao, akarudi anasema mtoto hachapwi. Akikosa anakalishwa pembeni, atulie. Basi gulioni, kwenye rundo la mitumba, akapata kuku wa plastiki wa njano mwenye saa tumboni. Unamzungusha kichwa, anaanza kugonga tik, tik, na muda ukiisha analia kriii. Asimwe akileta utundu aliwekwa kwenye kigoda nyuma ya jiko, kuku mbele yake, na sheria zilikuwa mbili tu: haongei na mama yake, na hainuki mpaka kuku alie. Kuku akilia, Adela anafungua mikono, anasema, "Yameisha, baba, njoo," na mtoto anakimbia kukumbatiwa. Nilimcheka sana. Nilimwambia, wifi, fimbo za mkaratusi zimejaa hapa bure, wewe unakwenda kununua kuku asiyetaga. Lakini yule mtoto alitii, nakwambia. Hata umwite na muwa mkononi, hainuki.

Siku ile ya mwisho kosa lake lilikuwa kuchezea kahawa iliyoanikwa. Aliitawanya yote kwenye nyasi. Adela akamkalisha, akamzungusha kuku, akarudi kuokota kahawa yake. Hakujua kwamba mtoto ana homa, maana asubuhi alikunywa uji vizuri. Kabla kuku hajalia akasikia kishindo. Mtoto ameanguka, na kuku naye ameanguka, amenyamaza. Wakakimbia na bodaboda hadi hospitali, lakini malaria ilishampanda kichwani. Jioni walirudi naye amefunikwa kitenge.

Tukaanua matanga, nyasi walizolalia waombolezaji zikatolewa sebuleni, nikarudi kwangu. Haikupita muda kaka akanipigia simu. "Dada, njoo ukae na wifi yako. Hali chakula, kitandani halali. Nitamzika na yeye." Kaka yangu si mtu wa kulia kwenye simu. Siku hiyo alilia.

Nilifika jua linazama, ukungu unashuka kwenye migomba. Adela nilimkuta jikoni, amekonda mpaka nguo zinamning'inia. Nikamwambia, "Wifi, leo utakula ndizi za mkono wangu, utake usitake," nikachukua kisu, nikatoka nyuma ya jiko kukata majani ya kufunikia sufuria.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda. Alinipa mgongo, amevaa lile shati la Krismasi, mikono juu ya magoti kama alivyofundishwa. Kisu kilinitoka mkononi. Akageuza kichwa akaniangalia. Uso ulikuwa uleule, umechoka tu.

"Shikamoo, shangazi."

Wewe ungejibu nini? Mdomo ukajibu wenyewe, marahaba. Nikamuuliza anafanya nini pale.

"Nasubiri kuku alie," akasema. Halafu akashusha sauti, kama anayeogopa kusikika jikoni. "Shangazi, miguu imekufa ganzi. Na kuna baridi."

Nilirudi ndani. Kabla sijasema neno, Adela akasema bila kuniangalia, "Umemwona." Akafungua kanga aliyojifunga kiunoni. Yule kuku alikuwa humo, amechomekwa kijiti shingoni ili kichwa kisizunguke.

"Anakuja kila jioni," akasema. "Kuku alibakiza kidogo sana, wifi. Nikitoa kijiti atalia, na akilia Asimwe atainuka. Akiinuka anakwenda wapi? Mwache akae. Mwanangu ni mtiifu, atakaa."

Hapo nikaelewa kwa nini halali. Alikuwa analinda kuku. Na sikumlaumu, maana hata mimi ni mama. Ningekuwa yeye, badala ya kijiti ningepigilia msumari.

"Anakwambia nini?" nikamuuliza.

"Haongei. Si unajua sheria?"

Basi ikabidi niseme mimi, na hakuna neno lililowahi kuniuma kulitamka kama lile. "Mimi ameniongelesha, wifi. Anasema miguu imekufa ganzi. Anasema anasikia baridi."

Adela alianza kutokwa na machozi, kisha ikamtoka sauti ambayo sitaki kuisikia tena kwa mama yeyote. Muda wote huo alidhani anamtunza. Akatoka nje amemshika kuku kifuani, nami nyuma yake, akapiga magoti kwenye nyasi zenye umande.

"Nisamehe, baba. Mama hakujua kwamba unaumia." Akang'oa kijiti.

Kuku akagonga kidogo, akalia. Alilia vilevile kama siku zote, mlio wa kijinga wa mchezo wa watoto. Adela akafungua mikono.

"Yameisha, baba. Njoo."

Asimwe akainuka. Kwanza alichechemea kwa ile ganzi, halafu akakimbia. Nilimwona akifika. Nilimwona Adela akifunga mikono, akainamisha kidevu chake pale penye utosi wa mtoto. Nikafuta macho, na nilipotazama tena, wifi yangu alikuwa amejikumbatia mwenyewe.

Jioni hiyo alikula, akalala kitandani. Siku hizi analima, anaanika kahawa, kanisani anakwenda. Ila mtoto wa mtu hampakati. Hata kwenye ubatizo, ukimpa kichanga anarudisha mikono nyuma, na watu wanamsema kwamba ana roho mbaya. Mimi ndiye niliyemuuliza, akaniambia, "Wifi, alikuwa na uzito wake uleule. Nikipakata mwingine nitausahau."

Wewe mwenye mtoto, sikukatazi kumwadhibu. Mkalishe pembeni, awe na kuku, awe hana. Lakini usiende mbali, na adhabu imalize wewe, kwa mdomo wako, mapema. Usiseme atajua mwenyewe kwamba yameisha. Hajui. Umemwambia asubiri, na yeye anasubiri.