Mashine ya Mama Candide yaenda chuoni

Hana ubao wa kuchorea. Hana rula ya T, hana taa ya mezani, hana kile kiti kirefu wanachokalia wanafunzi wa uchoraji. Kidato cha tano hakukiona. Hata umri wa mwanafunzi hana: ana miaka thelathini na mitatu, mke mmoja na watoto watatu. Na karatasi ya kuchorea ya tatu hana. Alikuja na mbili tu kutoka Dar es Salaam, kaziviringisha ndani ya kipande cha bomba la plastiki, na katika maduka ya Mpanda karatasi kubwa namna hiyo haiuzwi.

Alicho nacho Sylvanus Malale ni mlango. Asubuhi ya Jumanne, siku moja baada ya mwaka mpya wa 1996, anaung'oa mlango wa chumba chake kwenye bawaba, anaubeba kichwani hadi kwenye kibanda cha mashine ya kusaga hapa mtaani Ilembo, anaulaza juu ya magunia mawili ya pumba na kuupangusa vizuri. Ubao wa kuchorea umepatikana.

"Mwizi akija nitamwambia asubiri, mlango uko shuleni," anasema Romana, mkewe, huku akimkabidhi penseli.

Injini imezimwa. Akina mama wamekaa juu ya madebe yao ya mahindi, wengine na makopa ya muhogo, wakitazama. Mwenye mashine, Pudensiana, ambaye mtaa mzima humwita Mama Candide, anasimama mlangoni na kanga kiunoni.

"Jamani, leo mashine inapimwa kama mtoto wa kliniki," anawatangazia wateja. "Atakayeona haraka, Makanyagio kuna mashine nyingine."

Hakuna anayeondoka. Mashine ikipimwa, ni jambo la kutazama.

Sylvanus ameiendesha mashine hii kwa miaka kumi. Alizaliwa katika familia ya wafugaji waliohama na ng'ombe wao kutoka Shinyanga na kufikia Kasekese. Alipomaliza darasa la saba alikuja mjini, na mume wa Mama Candide, marehemu Valeriani, akampa kazi ya kufagia pumba. Kutoka kwenye ufagio akapanda kwenye spana. Kutoka kwenye spana akaanza kujiuliza kwa nini puli kubwa ya mkanda huzunguka polepole na ndogo huzunguka mbio.

Swali hilo lilimpeleka kwenye masomo ya jioni. Miaka minne mfululizo, akitoka kazini na unga nyusini, alikaa kwenye madawati ya watoto wa shule ya msingi kujifunza Hisabati na Fizikia. Akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

"Mara ya kwanza Hisabati iliniangusha," anasema. "Mara ya pili nikaiangusha mimi."

Oktoba iliyopita akaingia mwaka wa kwanza wa uhandisi mitambo katika chuo cha ufundi Dar es Salaam. Ada ilitoka kwenye akiba ya mshahara wake, shilingi elfu kumi na tano kwa mwezi, na kwenye fahali wawili wa baba yake. Fahali wa tatu hayupo.

Msomaji ambaye hajapata kuingia chuo cha uhandisi anaweza kudhani kuwa siku ya kwanza wanafunzi hufungua injini. Sivyo. Muhula wa kwanza ni wa kuweka msingi. Wanasoma Hisabati, hasa aljebra na trigonometria. Wanasoma Mekanika, yaani elimu ya nguvu zinazosukuma, kuvuta na kupinda vitu. Wanasoma tabia za chuma, shaba na mbao, msingi wa umeme, na namna ya kuandika ripoti inayoeleweka. Wanasoma Uchoraji wa Kihandisi. Na siku mbili kwa wiki huvaa ovaroli na kuingia karakana.

Karakana ndiko alikong'ara. Kila mwanafunzi hupewa kipande cha chuma na tupa, akikwangue mpaka pande zake zote zinyooke.

"Wiki tatu tunapiga tupa tu," anaeleza Sylvanus. "Mwalimu anaweka skwea, kile kipimo cha pembe mraba, juu ya chuma chako, anaviinua pamoja kwenye dirisha. Akiona mwanga unapita katikati, anakurudishia bila kusema neno. Unaanza upya."

Kila somo lina alama mia: arobaini za kazi za muhula na sitini za mtihani wa mwisho. Anayepata chini ya kumi na sita katika zile arobaini haruhusiwi hata kukaa kwenye chumba cha mtihani. Anarudia mwaka mzima, na ada analipa upya.

Masomo yote Sylvanus amevuka, isipokuwa moja. Kwenye Uchoraji, alama ishirini zimekwisha kutolewa, na yeye amepata saba.

"Mkono uliozoea mashine unachora unachokijua," anakiri. "Kuna bolti nyuma ya bamba, mimi najua ipo, naichora. Mwalimu anauliza, umeionaje wewe, una macho ya kupenya chuma? Kumbe kitu kilichojificha unakichora kwa mistari ya vipande vipande."

Alama ishirini zilizobaki ni za kazi moja ya likizo: tafuta mashine inayofanya kazi karibu na kwenu, uipime, uichore kutoka mbele, juu na ubavuni. Wanafunzi wa mikoa ya mbali wameruhusiwa kutuma kwa posta, mradi muhuri wa posta usipite Ijumaa, tarehe tano Januari. Sylvanus anahitaji alama tisa katika hizo ishirini. Akikosa, mwaka umekwenda na fahali wawili wamekwenda.

Siku hiyo ya Jumanne alipima kila kitu, kuanzia mdomo wa kumwagia mahindi hadi miguu ya injini. Mteja mmoja, Specioza, alimshikia ncha ya futi kamba. Kufika mchana alikuwa amekwisha kuchora kwa wepesi umbo zima kwenye karatasi ya kufungia sukari, na Mama Candide akaja kutazama.

Akaupima mchoro kwa kiganja.

"Mbona umeifanya ndogo hivi? Mashine yangu ni ndogo hivi?"

"Ni kipimo, mama. Moja kwa tano. Sentimita moja kwenye karatasi ni sentimita tano kwenye chuma."

"Haya. Na hii?" Akaweka kidole kwenye mkanda, pale ulipofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. "Hii ndiyo unaipeleka Dar es Salaam?"

"Si ndivyo ilivyo, mama?"

"Sylvanus, mwanangu. Mtu akienda studio kupiga picha, anaazimwa koti. Na tai anaazimwa. Mashine yangu nayo iazime koti."

"Hii siyo picha, mama. Ni maelezo. Mtu akipata karatasi hii, hata kama hajawahi kufika Mpanda, aweze kuitengeneza mashine hii hii."

"Basi aitengeneze nzima. Kwa nini ajitengenezee yenye viraka?"

Wateja wakacheka. Specioza akasema mama ana haki, maana hata yeye akipeleka sare ya mwanawe kwa fundi hamwambii ashone na kiraka. Sylvanus akakuna kichwa. Mashine si yake. Mwenye mashine ni mtu aliyemlea tangu akiwa kijana wa ufagio, na hapa Ilembo mtu hatoi nje aibu ya nyumba iliyomlisha.

Akaiazima koti. Jumatano kutwa nzima, juu ya mlango wake, akatumia karatasi ya kwanza kuchora mashine mpya kabisa: mkanda mmoja laini, bolti zote za aina moja, bati lisilo na tundu. Rula ya T alikuwa amechongewa na seremala Methusela wa jirani, ambaye hakutaka malipo ila kuruhusiwa kuona inavyotumika. Ilikuwa kazi safi. Mama Candide akaisifu, akawaita watu waione.

Romana alifika na sufuria ya chakula, akaona watu wamezunguka mlango wake. Akachungulia.

"Baba Lucas, hii mashine gani?"

"Ni hii ya mama."

"Ya mama ina kamba ya mpira."

Romana akaweka sufuria chini, akachukua karatasi ya maelekezo ya chuo iliyokuwa imebanwa chini ya rula, akaisoma kwa sauti kama asomavyo kanisani. Mistari na sura tatu, alama nane. Vipimo, alama sita. Sehemu zilizobadilishwa au kutengenezwa na mtumiaji, na sababu zake, alama sita.

"Kumbe mama hujamwambia?" akamuuliza mumewe.

"Nimwambie nini? Kwamba nataka kuvitangaza viraka vyake?"

Mama Candide alikuwa amesimama na mkono kiunoni. "Soma tena hapo mwisho, mwanangu."

Romana akasoma tena.

"Alama sita za viraka?"

"Ndiyo, mama," akajibu Sylvanus, akitazama chini. "Sawa na vipimo vyote."

"Yaani huyo mwalimu anatoa alama kwa viraka vyangu, na wewe umenyamaza siku mbili unanichorea harusi." Akageuka kwa wateja. "Nyie mnasikia? Amekaa kimya. Mwaka ungepotea, ningesema nini kwa baba yake huko Kasekese? Kwamba nilitaka mashine ivae koti?"

Specioza akacheka mpaka akaegemea debe. Mama Candide mwenyewe akajaribu kukaza uso, ukamshinda.

Alhamisi mashine haikusaga hata kopo moja. Mama Candide aliketi kwenye kigoda mbele ya mlango, karatasi ya pili na ya mwisho ikiwa imetandazwa, akatoa ushahidi.

"Bolti hiyo ya kushoto ni ya lori. Lilikwama njia ya Mwese masika yale, dereva akatuuzia. Hiyo ya kulia ni ya kitanda."

"Ya kitanda, mama?"

"Kitanda changu. Ndiyo maana nalala upande mmoja. Andika."

Sylvanus akaandika. Bati la mdomoni, debe la mafuta ya kula, kwa sababu la kwanza liliota kutu. Chekeche, limetobolewa kwa msumari, kwa sababu chekeche la kiwandani lilichukua miezi miwili kufika kwa garimoshi na watu walikuwa na njaa. Kila alipoandika sababu, wateja nao walikumbuka nyingine. Specioza alikumbuka siku mkanda ulipokatika sikukuu ya Krismasi na mtaa mzima ukala wali.

"Taratibu, mama, karatasi inajaa."

"Andika herufi ndogo. Si ulikwenda kusoma?"

Wakafika kwenye kipande cha mti wa mninga kilichokaa chini ya mguu wa injini kuzuia mtikisiko. Sylvanus akakichora kwa mistari ya vipande vipande, maana ukisimama mbele hukioni. Pembeni akaandika: kipande cha mninga, kimechongwa Ilembo, kupunguza mtikisiko.

"Kimechongwa na nani?" akauliza Mama Candide.

"Hawaulizi jina, mama."

"Wamekataza?"

Sylvanus akasoma maelekezo tangu mwanzo hadi mwisho. Hawakukataza. Akachonga penseli upya na kuandika: kimechongwa na Valeriani. Mama Candide akainama karibu sana na karatasi, akalisoma jina la mumewe herufi kwa herufi, kisha akasema, "Hapo sawa. Endelea na puli."

Mchoro ulikamilika kabla jua halijashuka. Bolti zilizojificha zilijificha, na viraka vilihesabika vyote. Hakuna aliyeuita mzuri, ila kila aliyepita aliitambua mashine.

Sylvanus anasema akimaliza miaka mitatu hatabaki Dar es Salaam. Anataka karakana hapa Mpanda, yenye mashine moja ya kukereza chuma, atengeneze machekeche, puli na bolti kwa mashine zote za kusaga kuanzia hapa hadi Mwese.

"Watu wasikae na njaa wakingoja garimoshi lilete kipande cha chuma," anasema. "Kipande chenyewe nitakuwa na mchoro wake."

Leo Ijumaa, kaunta ya posta ina foleni fupi. Sylvanus amekunja mchoro kama walivyofundishwa, jina likibaki juu, na ameutia kwenye bahasha kubwa ya kaki pamoja na barua ya mistari minne kwa mwalimu wake. Romana yuko kushoto kwake, Mama Candide kulia, amevaa kitenge cha kanisani.

"Barua umemwandikia nini?" anauliza Mama Candide.

"Nimemsalimu. Nimemwambia hii ni mashine ya Mama Candide wa Ilembo, kama ilivyo."

"Mwambie akiwa na shaka aje apime mwenyewe. Chakula kipo."

Sylvanus anaitoa barua, anaongeza mstari wa tano kwa kalamu ya kuazima, na kuirudisha. Karani anailamba bahasha, anaibana kwa kiganja, anabandika kikaratasi chenye namba ya rejista na stempu, kisha anagonga muhuri. Mama Candide anaomba aione tarehe. Anaonyeshwa: tano Januari. Karani anaitia bahasha kwenye mfuko wa turubai wa garimoshi la Tabora na kuukaza mfuko kwa kamba.