Maziwa Hayashuki kwa Kelele

Siku yangu ya kwanza kazini nilishushwa Kimali, wilayani Meatu, kutoka nyuma ya gari la idara, nikiwa na begi moja na gambuti mpya. Wafugaji walikuwa wamekusanyika kando ya josho, lile birika refu la saruji lenye maji ya dawa, ambamo ng'ombe huogelea toka upande huu hadi upande ule na kupe wake wakafa. Walikuwa wanamngoja bwana mifugo. Nikashuka mimi, binti mwembamba.

"Huyu ndiye mtaalamu wenu," akasema Afisa Mifugo wa Mkoa, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. "Haya, wasalimie watu wako."

Salamu za Kisukuma nazijua tangu utotoni. Lakini mbele ya umati koo langu hujifunga, na machozi hutangulia maneno. Ndivyo nilivyozaliwa. Bosi akacheka, akawaambia nina homa. Kabla ya kuondoka akaninong'oneza, mnong'ono uliosikika mpaka mwisho wa josho: "Mifugo ni kazi ya mdomo, binti. Nakupa msimu huu. Ng'ombe wasipoletwa kuogeshwa, nitakutafutia mahali pa kujificha."

Hawakuletwa. Kwetu salamu si kitu cha kurushiana njiani. Unauliza nyumba, watoto, mvua, mifugo, kisha unaanza upya kwa mama mwenye mji. Mimi niliamkia kwa sauti ya chini, nikaenda moja kwa moja kwa ng'ombe mgonjwa kumpapasa tezi chini ya sikio. Zikivimba, huenda ni ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Niliona kumwahi mgonjwa ndiyo heshima yenyewe. Wao wakasema nina maringo ya shule. Wengine wakasema mabaya zaidi, kwamba anayetazama ng'ombe za watu bila neno ana lake jambo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wakaambiana, wakakaa wanaungoja mshindo wangu. Niliumia sana. Nilijifungia chumbani nikalia, halafu nikajikasirikia kwa kulia.

Aliyenielewa alikuwa Masalu, mfugaji mwenye kundi kubwa, enzi hizo ndevu zake zote nyeusi. Alfajiri moja nilikwenda zizini kwake kumwangalia mtamba, ng'ombe kijana, aliyekuwa amezaa kwa mara ya kwanza. Nikamkuta Masalu anajiandaa kumkamua. Nikachuchumaa pembeni bila neno. Masalu alimwacha ndama anyonye kidogo, akamkuna mama yake mgongoni, akangoja. Wataalamu tunaiita hali hii kushuka kwa maziwa: ng'ombe akitulia, anayaachia mwenyewe. Tulikaa hivyo hadi kibuyu kikajaa, na sijui kama nimepata asubuhi nyingine tamu kama ile.

"Mayu," akasema mwishowe, yaani mama, jinsi kwetu anavyoitwa hata binti akiheshimiwa, "wanasema unaringa."

"Nimesikia."

"Huringi. Wewe ni kama huyu. Ukimkaripia anabana maziwa, halafu watu wanasema hana."

Baada ya siku chache akaleta kundi lake joshoni, na majirani wakafuata. Nami nikawa napita kwenye kaya za watu alfajiri, saa za kukamua, ambapo hakuna anayedai hotuba. Mpaka msimu unakwisha, pale joshoni palikuwa tope tupu kwa kwato.

Bosi akaja, akaona, akafurahi. Kisha akanihamisha.

"Umejitahidi, lakini najua watu wamekutesa," akasema. "Nyalikungu kuna ghala la dawa. Utakaa na chupa zako, hakuna wa kukusumbua. Si ndicho mnachopenda ninyi watu wa kimya?"

Alinihurumia kwa dhati, ndiyo maana niliona vigumu kumkatalia. Nilitaka kumwambia kwamba watu nawapenda, mmoja mmoja, karibu na ng'ombe. Badala yake nikasema, "Asante, mkuu."

Nikapanga chupa kwa miaka mingi. Kila nilipofungua katoni ya dawa ya kupe, harufu yake ilinirudisha Kimali, nikasimama pale ghalani nikiwakumbuka ng'ombe na wenyewe. Wenzangu wakanibatiza Sista, wakidhani nimekimbilia utawa. Nilicheka nao, ila jina lilinichoma.

Bosi huyo alistaafu, akaja mama mmoja kushika nafasi yake. Siku ya kwanza aliingia ghalani, akaketi juu ya katoni, akaniuliza, "Wewe mwenyewe unataka nini?" Kisha akangoja. Hakuna bosi aliyewahi kuningoja.

"Nataka ng'ombe," nikasema.

Akanipeleka Migato, kule Itilima, nikafanya kazi huko mpaka mwisho, kwa furaha ambayo sikuwahi kumtangazia mtu.

Juzi juzi nilistaafu, wakaniaga hapa Bariadi. Mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Leo bubu atasema! Makofi!" Vigelegele, meza zikagongwa, "Hotuba! Hotuba!" Na jinsi walivyozidi kupiga kelele, ndivyo koo lilivyozidi kujifunga. Nikasimama pale na machozi yangu, mtu mzima, nikajiona niko tena kando ya josho siku ile ya kwanza.

Ndipo nikamwona Mzee Masalu, ndevu nyeupe sasa, anakuja na fimbo yake kutoka viti vya nyuma. Hakumwomba mtu ruhusa. Akavuta kiti, akakielekeza kwangu, akaketi. Akangoja. Ukumbi ukachoka kelele, ukanyamaza.

"Mwadila, baba," nikamwamkia.

"Mwadila, mayu."

Nikamweleza yeye peke yake. Nikamweleza ya Kimali na asubuhi za zizini, na jinsi ghalani nilivyowakosa watu walioamini nimewakimbia. Wengine wakasikia tu, kwa kuwa walikuwepo. Nilipomaliza, Mzee Masalu akawageukia.

"Mmeona?" akawaambia. "Maziwa yalikuwepo."