Asubuhi za Mama Barabarani Malaba

Juzi walikuwa wakimwaga lami mbele ya nyumba ninayokaa sasa, Busia mjini, na harufu yake ikaingia hadi jikoni. Nilizima jiko nikaketi. Harufu ya lami mbichi hunirudisha Malaba, mwaka niliokuwa darasa la tatu, na nawaambia mapema kwamba si kumbukumbu njema.

Nyumba yetu ilikuwa upande mmoja wa barabara kuu, shule upande wa pili. Malori yaliyosubiri kuingia Uganda yalipanga foleni tangu alfajiri, nasi watoto tulipenya katikati yake, tukinusa dizeli na chai ya matanboi, wasaidizi wa madereva, waliopika chini ya trela, kisha tukachungulia upande uliokuwa wazi. Hapo ndipo dada yangu Nafula alipogongwa. Alikuwa hatua mbili mbele yangu. Alichungulia, lakini lori tupu lililotoka mpakani lilikuwa na mwendo ambao mtoto hawezi kuukadiria.

Tulimzika Butula, kwao baba. Watu waliendelea kumwita mama "Mama Nafula", kwa kuwa hakuna aliyejua amwiteje vingine.

Niliporudi shule baada ya mazishi, mama alinishika mkono asubuhi, akanipeleka mpaka barabarani, akafungua kitambaa chekundu cha kichwani, akakiinua na kusimama katikati ya lami. Lori likapiga breki. Watoto wote tukavuka. Nilidhani ni siku hiyo tu, lakini kesho yake alirudi, na kesho kutwa, hata kwenye mvua. Dereva mmoja alitoa kichwa dirishani akamuuliza, "Mama, umeandikwa kazi na nani?" Mama akainua kitambaa juu zaidi. Shuleni waliniita mtoto wa trafiki, wakainua sweta zao juu kila nilipopita. Nikaanza kumwomba Mungu mama augue, mafua tu, asitoke. Siku nyingine nilivuka nikijifanya simjui.

Muhula uliofuata walikuja wapimaji wa barabara. Mama alimuuliza kijana aliyeshika ramani tuta la kupunguza mwendo litawekwa wapi. Kijana akaonyesha kule mbele, malori yanakoegeshwa.

"Kule hakuna watoto," mama akasema.

"Lakini mama, ramani ndiyo inasema hivyo."

"Sawa. Basi kesho kuja usimame hapa na mimi. Asubuhi moja tu."

Alikuja. Alisimama, ramani kwapani, na trela lilipompita karibu alirudi nyuma akamshika mama mkono. Watoto walipokwisha kuvuka alimuuliza polepole, "Wako aligongwa hapa wapi?" Mama akaonyesha kwa ncha ya kiatu. Kijana akainama, akaweka alama ya rangi.

Tuta la lami lilijengwa pale pale wakati wa likizo, harufu yake ikatufikia nyumbani, na mistari myeupe ya kuvukia ikachorwa. Shule zilipofunguliwa, mama alitoka kama kawaida. Malori yalipunguza mwendo yenyewe. Watoto walivuka bila kumtazama, naye akasimama kando mpaka kengele ikalia.

Kesho yake hakuinuka kitandani. "Nenda tu," aliniambia akiwa amegeukia ukuta. "Barabara sasa iko sawa." Nilikwenda nikirukaruka kwa furaha, maana hakuna tena wa kunicheka. Jioni nilimkuta pale pale, chai niliyomwachia imeshika utando. Alilala hivyo karibu muhula mzima, shangazi akitupikia.

Nilimkasirikia. Alichotaka si kilikuwa kimefanyika? Ilinichukua miaka mingi, mpaka asubuhi nilipompeleka mwanangu shule kwa mara ya kwanza na kuuachilia mkono wake langoni, ndipo nikaelewa. Miezi yote ile mama alikuwa bado anampeleka Nafula shule. Kazi hiyo ilipomwishia mikononi, ndipo alipofiwa.