Ukuta wa Nguo za Mama

Mdogo wangu Zenobia alisomea sayansi ya vitambaa, na maisha yake yote ya kazi yalikuwa mitumba. Sisi wa Alto Hospicio, mji wa jangwani juu ya pwani, tumeizoea. Ile isiyouzika humwagwa jangwani nyuma ya nyumba zetu, kisha mtu huitia moto, na watoto hukohoa wiki nzima. Zenobia aliapa kuukomesha moshi huo. Alizisaga nguo hizo, akazishindilia ziwe mbao za kukinga nyumba na baridi, akazilowesha kwenye chumvi ya ziwa la kule milimani mpaka zikakataa kushika moto. Siku ya majaribio aliuelekezea ubao mmoja mwali wa gesi mbele ya wakubwa. Ukawa mweusi kidogo, basi. Nililia kwa fahari, sifichi.

Kisha mama yetu, Fortunata, akafa.

Kwetu, siku ya nane, nguo za marehemu hufuliwa na kuchomwa. Moshi ndio humpelekea nguo hizo, maana safari yake ni ndefu na njia ina baridi. Lakini nilipofungua sanduku la mama nilikuta sketi moja na kofia tu.

"Zenobia, zingine ziko wapi?"

"Ziko salama, dada."

"Salama wapi? Watu wameshafika, wananitazama kama mwizi!"

"Nimezisaga. Ziko ukutani chumbani kwangu. Miaka yote nawaambia watu wasichome, leo nimchome mama kama takataka? Nataka abaki karibu."

"Una digrii tatu, akili huna hata moja!"

Tulichoma sketi na kofia. Wageni walikula haraka haraka, wakaondoka.

Wiki iliyofuata nilimpelekea supu ya nyama ya llama, jua likiwa utosini. Nilipoingia chumbani kelele za barabarani zikakatika ghafla. Mbao zake humeza sauti. Ukuta ulikuwa umelowa. Huku kwetu mvua tunaisikia redioni.

"Ni ukungu wa baharini," Zenobia akasema. "Chumvi huvuta maji." Hakunitazama. Alikuwa amekonda, midomo imekauka.

Nikaweka kiganja ukutani. Mbao zilizotengenezwa kutia watu joto zilikuwa za baridi, tena zilitetemeka. Zilitulia, zikaanza tena. Mtetemo ule niliujua. Ndio uliokuwa mwilini mwa mama siku zake za mwisho, tulipomrundikia mablanketi yote ya nyumbani na bado asipate joto.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya nane."

"Zing'oe. Zote."

Tulizitoa uani, tukazimwagia petroli, nikawasha. Petroli ikawaka, ikaisha. Mbao zikabaki pale pale, nyeusi kidogo. Tukamwaga tena. Ikawa vile vile.

"Wewe ndiye uliyezitengeneza," nikamwambia. "Lazima kuna namna ya kuzichoma."

"Hakuna, dada. Nilihakikisha."

Akapiga magoti, akatega sikio kwenye ubao mmoja. Uso wake ukabadilika.

"Anasemaje?" nikauliza, huku sitaki kujibiwa.

"Anaulizia nguo zake."

Nikamwaga petroli iliyobaki, nikawasha. Zenobia, ambaye hajawahi kuchoma hata kitambaa cha pua, akavua sweta lake akalitupa motoni liwe badala ya nguo za mama. Likashika mara moja, moshi ukapanda mweupe, wima, mpaka juu ya paa. Tukasubiri liishe. Kisha nikaweka kiganja kwenye ubao.

Bado ulikuwa unatetemeka.