Mpira wa Njuga wa Mwembesongo

Ukifika Mwembesongo ukataka kujua fundi baiskeli bora ni yupi, muulize mtu yeyote isipokuwa Mikidadi mwenyewe, maana utachelewa uendako. Atakuanzia na siku aliyoshika spana ya kwanza, akupitishe kwa mkulima wa Turiani aliyemletea baiskeli iliyokanyagwa na trekta la miwa, ikaondoka inakimbia kuliko mpya, na kabla hujapata upenyo wa kuaga atakuwa ameshakuapia kwamba ringi iliyonyooshwa kwa mkono wake haipindi tena mpaka mwenye nayo azeeke. Shule aliishia darasa la sita. Husema aliacha kwa huruma tu, walimu walikuwa wameishiwa cha kumfundisha.

Jambo moja Mikidadi hakuwahi kulifanya tangu azaliwe: kusema amekosea. Aliwahi kumfungia katekista mmoja usukani ukitazama nyuma. Katekista akalalamika. Mikidadi akamjibu kwamba huo ndio mtindo mpya wa kupandia milima, na maskini yule mtu akaondoka nao hivyo hivyo hadi Bigwa.

Sasa huyu Mikidadi ana dada, Asha, na Asha ana binti mmoja, Yasmin, wa miaka kumi na mmoja, ambaye surua ilimpofusha akiwa na mitatu. Kwa Waluguru mtoto ni wa lukolo, ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba si mgeni wa kunywa chai akaondoka. Mjomba ana kauli. Na Mikidadi, wewe mwenyewe unaelewa, kauli alikuwa nazo za kutosha hata kabla ya kupata mpwa.

Lakini Asha naye si wa kuchezea. Kulikuwa na siku moja, Yasmin akiwa na miaka saba, alikwenda bombani peke yake akatumbukia mtaroni, na watu waliopanga ndoo wakaangua kicheko. Tangu hapo Asha hakumwachia mkono. Sokoni kamshika, msibani kamshika, hata uani kwao anamwita kila dakika mbili kama anayehesabu vifaranga.

Ndipo Mwalimu Pili, anayefundisha darasa la watoto wenye ulemavu kwenye shule ya jirani, akaanzisha michezo ya Jumamosi ndani ya bwalo. Wa viti vya magurudumu wanarusha mipira kwenye matenga ya nyanya. Wasioona wanacheza mpira wa kengele. Mikidadi alikwenda siku ya kwanza kuziba pancha ya kiti kimoja, akabaki mdomo wazi mpaka gundi ya solusheni ikamkaukia kidoleni. Watoto watatu upande huu, watatu upande ule, wote wamefungwa vitambaa machoni ili mwenye kuona kidogo asimzidi asiyeona kabisa. Mpira una kengele ndani. Unabiringishwa sakafuni kwa nguvu, na wa upande wa pili wanausikiliza, wanajirusha, wanauzuia kwa mbavu, kwa miguu, kwa chochote. Mistari imetengenezwa kwa kamba ya katani iliyobandikwa chini, mtoto anaipapasa kwa kidole anajua yuko wapi.

Akarudi kwa Asha anahema.

"Dada, Yasmin atacheza mpira."

"Umekunywa nini?"

"Masikio aliyo nayo mtoto huyu yanapotea bure kusikiliza majirani wakigombana. Nasema kama mjomba. Atacheza!"

Asha akamnyooshea kidole. "Sawa, mjomba mtu. Ila sikiliza. Siku watu watakapomcheka mwanangu mbele yangu, namshika mkono namrudisha nyumbani, na harudi tena. Hiyo kauli yako utaizibia pancha."

Wakakubaliana hivyo. Miezi minne Yasmin alicheza, magoti yakiwa yamevikwa vikinga ambavyo Mikidadi alivishona kwa tyubu kuukuu na sponji. Alijifunza kuruka ubavuni. Alijifunza kugombana, jambo ambalo mama yake hakulipenda sana. Halafu ule mpira mmoja wa shule ukapasuka, kengele zikatapakaa zikapotea, na Mwalimu Pili akawa karibu kulia.

"Mwalimu, wewe pangusa uso," Mikidadi alimwambia. "Umefika kwa profesa."

Akachukua mpira mnene wa kikapu uliochoka, akaupasua, akaukaza kwa ndani na vipande vya tairi usibonyee, akautoboa vitundu vya kutolea sauti. Kengele sasa. Akapanda hadi Matombo kwa Bi Hosiana, kiongozi wa kikundi cha ngoma, akamwomba njuga nne kutoka kwenye zile wanazofunga miguuni. Bi Hosiana ni mtani wake wa ukoo, kwa hiyo hakuzitoa bila kumtukana kwanza. Mikidadi akazitia ndani, akashona, akapiga kiraka. Mpira ukalia vizuri kuliko ule wa zamani. Kwa jinsi alivyousifia, ungedhani ameuzaa.

Sifa hizo ndizo zilizomponza. Turiani nako kulikuwa na watoto wanaocheza mchezo huo, Mwalimu Pili akawaalika. Mikidadi, badala ya kukaa kimya kama watu wenye akili, akatangaza mtaa mzima kwamba mpwa wake atawatafuna Turiani mifupa. Na kwa kuwa mechi bila shangwe aliona ni kama mazishi, akapeleka ujumbe Matombo: Bi Hosiana shuka na kikundi chote, mvae kamili, tukishinda mtupigie ngoma.

Wakashuka. Fuso lilisimama nje ya bwalo, wanawake kumi na wawili wakateremka, njuga hadi magotini, ardhi inalia.

"Mtani!" Bi Hosiana akapaza sauti. "Bado hujafa tu?"

"Nife nikuachie nani akufundishe kucheza?"

Bwalo likajaa hadi madirishani. Asha alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani, amekaa kwenye ncha ya benchi kama mtu anayesubiri kuondoka. Mwalimu Pili akaeleza sheria: mpira ukiwa unatembea, hakuna kupiga kelele, hakuna kupiga makofi, kushangilia ni baada ya goli tu. Watu wakaitikia. Filimbi ikalia.

Na kwa kweli midomo ilinyamaza. Ila wachezaji ngoma wa Matombo, wamekaa upande wa kushoto, damu imewachemka, kila mpira ukibiringika miguu ikawatoroka. Mguu ukigusa sakafu, njuga zinalia. Mpira wa Turiani ukaja kulia. Yasmin akasikia njuga kushoto, akajirusha kushoto kwa moyo wake wote. Goli. Wa pili ukaja katikati. Njuga kushoto. Yasmin akaruka kushoto tena, akatoka nje ya mstari, akateleza hadi miguuni mwa Bi Hosiana, akaikumbatia miguu ile akidhani kaudaka mpira.

Bwalo likacheka. Walicheka sana, na wengine wakagongana mabega.

Goli la tatu halikukawia, na filimbi ya mapumziko ikamkuta Asha ameshasimama.

Mikidadi alikuwa ukutani. Alitazama mpira, akatazama miguu ya wale wanawake, akaelewa. Njuga za mpirani na njuga za miguuni zilikuwa za fundi mmoja, za kamba moja, sauti moja. Mpwa wake hakukosea hata kidogo. Alikuwa ameifuata sauti sawasawa, kama alivyofundishwa. Na aliyezileta zile sauti mbili ndani ya chumba kimoja alikuwa fundi bora wa Mwembesongo.

Asha alishafika uwanjani, keshamshika Yasmin mkono. "Twende nyumbani."

"Mama, mpira ulikuwa kushoto! Niliusikia!"

"Twende, mwanangu."

Hapo Mikidadi angeweza kusema ni sakafu. Angeweza kusema ni mtindo mpya. Mdomo ulishafunguka, na uongo ulikuwa tayari kwenye ulimi, mzuri, umenyooka. Akaumeza. Akaingia katikati ya bwalo, mbele ya wateja wake wote.

"Jamani! Kosa ni langu."

Kimya kilichoanguka hapo hata mwamuzi hakukipata kwa filimbi.

"Mpira huu una njuga za Matombo. Mimi nimezitia. Na Matombo nimewaita mimi. Mtoto amesikia vizuri, ninyi mmemcheka, na wa kuchekwa ni mimi. Bi Hosiana, mtani wangu, nakuomba mvue njuga."

Bi Hosiana akakunja mikono. "Sheria ya kikundi chetu unaijua. Njuga zikishafungwa hazivuliwi mpaka ngoma ichezwe na ifungwe."

"Mapumziko ni dakika chache!"

"Basi icheze wewe. Ndiyo faini yako." Akachutama, akafungua jozi ya akiba kutoka pindo la khanga, akamfunga yeye mwenyewe juu ya soksi zilizotoboka. "Ukimaliza, nitaifunga ngoma, na wote tutavua."

Ngoma ikapigwa. Mikidadi, tumbo lake na umri wake wa miaka hamsini na mbili, akacheza. Alirukaruka kama mtu aliyekanyaga siafu. Watu walilia kwa kicheko. Kisha katikati ya zogo lile sauti nyembamba ikapenya:

"Mjomba, mguu wa kushoto unachelewa! Na kiatu cha kulia soli imeachia!"

Ngoma ikakatika. Watu wote wakatazama miguu. Soli ilikuwa imeachia kweli, inaning'inia.

"Mtoto haoni, kaonaje?" Bi Hosiana akauliza.

"Inapiga kofi mara mbili," Yasmin akajibu, kama anayeeleza jambo la kawaida.

Safari hii walicheka pamoja naye, na mwenyewe alikuwa anacheka kuliko wote. Asha alimtazama binti yake. Akautazama mkono wake mwenyewe, bado umemshika mtoto. Akamwachia, akarudi kwenye benchi, na safari hii akakaa sawasawa, si kwenye ncha.

Bi Hosiana akaifunga ngoma. Njuga zote zikavuliwa, zikafungwa ndani ya khanga mbili, zikapelekwa kwenye fuso. Mwalimu Pili akamgeukia Mikidadi. "Na wewe, fundi, neno moja tu nakutoa nje." Mikidadi akavua kofia akaing'ata.

Kipindi cha pili, bwana! Ungesikia inzi akipiga chafya. Mpira ukatoka Turiani unalia peke yake, na Yasmin akaulalia kwa mbavu kana kwamba umeitwa kwake. Akasimama, akapapasa kamba kwa kidole, akaubiringisha. Goli. Bwalo likalipuka, likanyamaza tena. Mwenzake akafunga la pili. Turiani wakarusha mpira mkali wa pembeni, Yasmin akaruka, ukamgonga goti, kikinga cha tyubu kikafanya kazi yake. Sekunde zilizobaki hazizidi kumi. Mikidadi meno yamezama kwenye kofia, machozi yanamtoka. Yasmin akainama, akauzungusha mkono nyuma, akauachia mpira. Mpira ukapita kati ya wachezaji wawili wa Turiani, ukilia njuga zake nne, ukavuka mstari pamoja na filimbi.

Tatu kwa tatu. Gereji kwake Mikidadi husema ni nne kwa tatu, lakini tuliokuwepo tunajua.

Kigelegele cha kwanza hakikutoka Matombo. Kilitoka mstari wa mbele, kirefu, kikali, cha mtu aliyekitunza miaka mingi. Yasmin akageuza kichwa, kitambaa bado kiko machoni.

"Mama? Ni wewe huyo?"

Asha alikuwa anapangusa macho kwa mkoba. Alimwendea kaka yake na kumshika kola, kama anayetaka kumpiga.

"Wewe. Jumamosi ijayo mnaanza saa ngapi?"

Mikidadi akatikisa kichwa, akanyoosha vidole, akanguruma.

"Saa tatu, mama," Yasmin akamjibia. "Mjomba bado ana kofia mdomoni."