Tone la Mawese Chini ya Meza

Juzi fundi aliniungia meza ya jikoni kwa vipande viwili vya formika, akaapa kwamba maungio yameshikana. Nikachukua mawese, nikayamimina juu ya mstari wa maungio. Akanitazama kana kwamba nina wazimu.

Hakumjua mama yangu. Mama aliuza chakula karibu na soko la Rumonge, na mchana mmoja nilipokuwa mtoto, baba alikuwa akimtengenezea meza ya kuuzia. Vumbi la formika lilinuka kama kucha iliyoungua, na mashini ya kuchongea ililia mpaka kuku wakakimbia. Baba alipomaliza, mama akamimina mawese kwenye maungio. "We mutoto, lala chini, angalia juu."

Nikalala chini ya meza nikidhani ananiadhibu, maana asubuhi nilikuwa nimedokoa ndagala, vile visamaki vyake vya kuuza. Tone likaniangukia shavuni, nikapiga kelele.

"Nafasi iko kidogo tu," baba akasema.

"Kidogo? Ndagala zitaozea humo!"

Baba akafyonya. Akavipanga vipande vikitazamana, akapitisha mashini katikati, ikala kingo zote mbili kwa pamoja ili zifanane. Nikalazwa tena. Tone lingine. Akachonga upya huku akinung'unika, hadi nywele zangu zikawa nyekundu na hakuna kilichodondoka tena.

Kujaribu kupenyeza karatasi kwenye maungio kungetosha, najua sasa. Lakini baba angebishana na karatasi.

Jikoni kwangu, mawese yakaanza kudondoka kwenye vigae.

"Mama, iko kidogo tu," fundi akasema.

"Murakoze," nikamshukuru. "Sasa lala chini."